Mdomo wa Kuazima

Katika kikundi chetu cha uandishi hakuna anayesoma hadithi yake mwenyewe. Bi Nadra, mwalimu wa zamani aliyekianzisha, ndiye aliyeiweka kanuni hiyo. Unaandika nyumbani, unakuja nyumbani kwake Malindi Jumamosi baada ya Alasiri, unazitia karatasi zako ndani ya mkoba wa ukili pamoja na za wenzako, kisha kila mtu anatumbukiza mkono na kusoma alichokiokota. Bi Nadra anasema mtu akijisomea cha kwake husikia alichotaka kuandika, hasikii alichokiandika. Sisi jambo hilo tunaliita kuazima mdomo.

Kwa hiyo halikuwa kosa la mtu yeyote kwamba Jumamosi ile hadithi ya Mansour iliangukia mikononi mwa Bi Narjis.

Mansour anatembeza wageni katika msitu wa Jozani, anawaonesha kima punju, na kazi yake imemfundisha kuiga kila kiumbe mwenye sauti. Anaiga kima. Anawaiga Waitaliano. Kwenye harusi za kwao Kitogani huitwa aje awachekeshe watu kabla ya pilau. Hadithi yake ya siku ile ilikuwa ya mteja mjanja anayemzungusha mwenye duka, na mwenye duka alikuwa Mhindi.

Bi Narjis naye ni Mhindi mwenye duka. Duka lake liko Mkunazini, la vifungo, zipu, nyuzi na lesi, na mafundi cherehani wote wa mjini wanamjua. Aliachiwa na baba yake, marehemu Mzee Sherali, aliyekuja Unguja kutoka Kachi, Bara Hindi, akiwa kijana. Yeye mwenyewe amezaliwa ghorofani, juu ya duka hilo hilo, na sasa anakaribia miaka sitini. Kiswahili chake ni cha kumtegea sikio. Watu humwambia, wakidhani wanamsifu, "Bi Narjis, ukizungumza gizani hujulikani kama Mhindi." Yeye hutabasamu kidogo na kuendelea kupanga vifungo vyake. Mimi kila nikilisikia neno hilo damu hunichemka.

Basi alivaa miwani, akaitazama karatasi. Tuliokaa karibu naye tuliweza kuiona sentensi ya kwanza. *Veve iko taka nini? Kama hapana taka nunua, toka dukani yangu!*

Hakuna mtu wa Unguja asiyelijua hilo *veve*, wewe ya kumwigiza Mhindi. Tumelikuta kwenye michezo ya kuigiza, tukalicheka utotoni, na wengi wetu tumewahi kulipiga kelele mbele ya mlango wa duka kisha tukakimbia.

Mansour aliinuka. "Bi Narjis, basi hiyo iache. Nipe mie, chukua nyengine."

"Kanuni ni kanuni," alisema Bi Narjis bila ya kumtazama. "Kaa kitako."

Akasoma. Sauti iliyotoka haikuwa yake. Ilikuwa sauti ya mzee, nzito, ya polepole, inayoyaburura maneno kama mtu anayevuta gunia sakafuni. Watu wawili walicheka mwanzo, halafu wakaacha. Akasoma mpaka mwisho, akaikunja karatasi, akamrudishia Mansour.

"Umeandika vizuri," alimwambia. "Ila mzee wako hana pumzi. Mtu wa namna hii, kabla ya kusema *iko*, husita kidogo. Analitafuta neno. Wewe umempa lote mkononi."

Akachukua mtandio wake na kuteremka ngazi kabla ya chai.

Mlango ulipofungwa nilisimama. "Unaona ulivyofanya?" nilimwambia Mansour.

"Ah, Suhail, usinipandishie wewe. Ni mzaha! Waitaliano nnawaiga kila siku na wanacheka wenyewe."

"Waitaliano wanapanda ndege wanarudi kwao! Bi Narjis kwao ni hapa!"

"Nani kasema si hapa?"

"Wewe! Kila ukiandika *veve* umeshalisema!"

"Na kama nisipoandika, ndiyo hawakuwahi kusema hivyo? Wallahi, nyinyi mliotoka chuoni mnataka tuandike watu ambao hawapo."

Nilimwambia atoke. Akanambia nyumba si yangu. Bi Nadra alipiga kofi mezani na vikombe vikaruka, akasema hatoki mtu, na kwamba hadhara yetu inakuja wiki mbili zijazo; atakayetaka kupigana akapigane baharini.

Hadhara hiyo ndiyo ilikuwa tumaini la Bi Narjis. Mara moja kwa mwaka tunafungua mlango wa uani, tunatandika majamvi, tunaita mji, na hadithi chache zilizochaguliwa zinasomwa mbele ya watu. Ya Bi Narjis ilikuwa mojawapo. Alikuwa ameiandika na kuiandika upya tangu mwaka jana, na ilikuwa hadithi moja tu, hakuwa na nyengine wala hakuitaka. Mama yake alifariki Narjis akiwa na miaka tisa. Muda si mrefu mjomba wake, kaka wa mama, akaja na safari tayari mfukoni: familia yote ihamie Kanada, walikokwisha kwenda jamaa wengine. Baba alikataa. Hadithi nzima ilikuwa ni hiyo siku moja, na jibu la baba.

Katika hadithi aliyotuletea, baba anasema hivi: *Siwezi kukihama kisiwa hiki, kwani ndipo alipozikwa mke wangu kipenzi.* Sote tuliisifu sentensi hiyo. Na kila iliposomwa, sote tuliangalia birika la chai.

Jumatatu nilikwenda dukani. Nilikuwa nimeshajipanga la kusema.

"Shikamoo Bi Narjis."

"Marahaba, Suhail. Umekuja kununua vifungo au umekuja kunililia?"

"Nimekuja kukwambia kwamba Mansour lazima atoke kikundini. Nimeshazungumza na wenzangu."

"Atoke kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya haki."

"Aa. Basi haki ipe kibao ikae, tuzungumze sie." Alinisogezea kibao. "Baba yangu alikuwa akisema *veve*."

Nilikivuta kibao nikakaa.

"Ndiyo. *Veve*, na *vapi*, na *iko*. Kila kitu kwake kilikuwa *iko*. Sukari iko, mvua iko, mgonjwa iko, maiti iko. Nilipoanza skuli nikawa namsahihisha wakati wa kula. Si *iko*, baba, ni *yuko*. Akisema, haya, yuko. Kesho yake *iko*. Kwa Kikachi, Suhail, alikuwa mtu wa maneno. Watu walikuwa wakija kumsikiliza akihadithia, mpaka chakula kinapoa. Lakini Kiswahili alikijulia hapa hapa mezani, kwa wateja, kwa vifungo na nyuzi. Kikamtosha hivyo hivyo."

"Sasa kwenye hadithi…"

"Kwenye hadithi nimemvisha suti. Mansour amemvisha vazi la mchekeshaji. Hakuna aliyemwacha na nguo zake."

Fundi mmoja aliingia kutaka zipu nyeusi ya suruali. Bi Narjis akaipima kwa shibiri, akampa, akasubiri atoke.

"Mjomba alimuuliza kwa Kikachi," aliendelea, na sauti ikashuka. "Majirani walikuwa wamesimama barazani, mlango wazi, wanataka kujua kama tunahama. Walikuwa wamekuja na machozi yao kabisa. Baba angeweza kumjibu mjomba kwa lugha yao, akalipamba jibu lake. Hakufanya hivyo. Aliwageukia majirani, akajibu kwa Kiswahili, ili wasikie wao. Akasema, *Mimi kwenda vapi? Mama yake Narjis iko hapa.*"

Alipofika kwenye *iko* alisita, kama alivyomwambia Mansour.

Miaka mitatu nimesoma lugha chuoni, na nimefundishwa kwamba *iko* haimfai mtu. Mtu ni *yuko*. Lakini ukisema *yuko*, umesema yu hai, na hakuwa hai. Ukisema *alizikwa*, ndiyo umeshamzika tena. Mzee Sherali hakuwa na maneno hayo mawili ya kuchagua. Alikuwa nalo moja, na mkewe alikuwa ndani yake.

"Hivyo ndivyo utakavyoandika?" nilimuuliza.

"Utaandika nini?"

Aliyeuliza alikuwa Hasnain, kaka yake. Alikuwa ameteremka ngazi ya ndani bila ya kusikika. Hasnain ananunua viungo Kidichi na kuvisafirisha, na nguo zake daima zinanukia iliki. Wanaishi nyumba moja, yeye na mkewe ghorofa ya juu. Nilimwamkia. Akaitikia bila ya kuniangalia.

"Bhai," alisema Narjis, kama wanavyowaita kaka zao, "ni hadithi ya baba."

"Nimesikia hadithi ya baba. Unataka kumsimamisha mbele ya watu aseme *veve*."

"Alikuwa akisema."

"Mimi ndiye unayenambia alikuwa akisema?" Alikuja mpaka mezani, akaegemea kwa mikono yote miwili. "Narjis, wewe ulikuwa mtoto wa kike, walikuwacha. Mimi nilitoka skuli kila siku na *veve, veve, veve* mgongoni mpaka mlangoni hapa. Jino hili nililivunja kwa neno hilo. Na baba ananiuliza, *nani iko piga veve?* Ananiuliza kwa neno lile lile! Nilimwambia nimeanguka. Sasa wewe, utu uzima huu, unakwenda kuwapa bure walichokuwa wakitukimbilia nacho?"

"Si wale."

"Wale wale. Wamekuwa na ndevu tu." Akajinyoosha. "Soma ile ya mwanzo, nzuri, ya heshima, n'takuja na watoto wangu. Ukiisoma hii, hapa dukani nitapita mlango wa nyuma, na salamu yangu usiitarajie. Nnakwambia mbele ya shahidi."

Shahidi mwenyewe ni mimi.

"Sijaamua, Bhai," alisema Narjis.

Hasnain akapanda ngazi. Tulisikia kila hatua yake. Bi Narjis alichukua kopo la vifungo vyeupe, akavimwaga mezani, akaanza kuvitenga vikubwa na vidogo, na mimi nikaaga.

Wiki zile mbili sikulala vizuri. Nilikuwa upande gani? Nilitaka Mzee Sherali asikike kama alivyokuwa. Niliona huo ndio ukweli, na bila ya ukweli tunaandika kwa ajili gani? Halafu nikimkumbuka Hasnain na jino lake, nikimwazia kijana yule anayefuatwa mpaka mlangoni, naona kwamba ukweli wangu ni rahisi kwa sababu hakuna aliyewahi kunipigia kelele mgongoni.

Siku ya hadhara ua ulijaa mapema. Walikuja mafundi cherehani na wake zao, walimu, wanafunzi, majirani wa Malindi waliosikia kipaza sauti kikijaribiwa. Ilikuwa lazima tumalize kabla ya adhana ya Magharibi, na Bi Nadra alikuwa akiangalia saa mara kwa mara. Ya Bi Narjis iliwekwa mwisho.

Siku ya hadhara mkoba hautumiki. Mwandishi anachagua mwenyewe mdomo wa kuazima. Nilijua atanipa mimi. Nilikuwa nimeshakunywa maji ya uvuguvugu.

"Mansour," alisema Bi Narjis, akamnyooshea karatasi.

"Bi Narjis!" Sikuweza kujizuia. "Huyu?"

"Wewe utanisomea kwa hasira, Suhail. Utawagombeza watu kabla hawajacheka."

Mansour alizipitia karatasi pale pale, chini ya ngazi. Nilimuona uso ukimbadilika. "Bi Narjis, hapa pameandikwa *veve*."

"Nnajua. Nimeandika mie."

"Watu wananijua mie. Nikifungua mdomo tu nikasema *veve*, watacheka mpaka waanguke."

"Watacheka."

"Si bora asome mwengine?"

"Akisoma mwengine watanionea huruma. Huruma siitaki. Nenda."

Wakati ule ule Hasnain aliingia. Alikuwa peke yake, hakuja na watoto. Alipewa kiti, akakikataa kwa mkono, akasimama pembeni mwa mlango, mgongo ukutani, kama mtu aliyekuja kuchukua kitu na kuondoka. Bi Narjis alimuona. Akakaa kwenye kiti chake mbele, mikono mapajani, akamkazia macho Mansour tu.

Mansour alianza. Kifo cha mama, nyumba iliyojaa wageni, mjomba na safari yake ya Kanada. Alikuwa anasoma vizuri, sauti yake mwenyewe, na watu walitulia. Halafu mjomba akabisha hodi na baba akauliza kutoka ndani, *Veve iko nani?*

Ua mzima ulilipuka. Vicheko, makofi, mtu nyuma akapiga mbinja. "Mansour huyo!" Na Mansour, kwa mazoea tu, nyusi zikampanda na mkono ukaenda tumboni, kama anavyofanya harusini. Sentensi iliyofuata akaivuta, akaitia na kiuno. Kicheko kikazidi. Mama mmoja karibu yangu alikuwa akijifuta machozi.

Nilimtazama Hasnain. Alikuwa ameuacha ukuta na kupiga hatua mbele. Nikainuka ili nimfikie kabla hajafika kwenye kipaza sauti, na nilipokanyaga ukingo wa jamvi nikamuona Bi Narjis. Hakuwa amegeuka kumtazama kaka yake wala watu. Alikuwa bado anamtazama Mansour, bila ya kupepesa, na midomo yake ilikuwa ikitembea pamoja na maneno.

Mansour alimuona. Mkono ukashuka kutoka tumboni. Akakohoa, akaitazama karatasi muda mrefu mpaka watu wakadhani amepotea mstari.

Alipoanza tena hakuiacha sauti ile. Aliisoma kama alivyofundishwa. Kabla ya kila *iko* alisita. Mara ya kwanza wachache walicheka kwenye ule upenyo, wakidhani ndiyo mzaha wenyewe. Mara ya pili wakapungua. Sasa mtu aliyesimama mbele yetu alikuwa mzee anayelitafuta neno katika lugha ya watu, akiogopa asilipate, na kila alipolipata lilikuwa lile lile. Mjomba akauliza kwa Kikachi. Majirani wamesimama barazani. Baba akawageukia.

"*Mimi kwenda vapi?*" alisoma Mansour. "*Mama yake Narjis…*"

Nilisikia kundi la njiwa juu ya paa likiparakacha mabati.

"*…iko hapa.*"

Kijana mmoja nyuma alikuwa bado anacheka, peke yake, na akajisikia, akakata katikati.

Hapo Hasnain akapaza sauti. Alisema kitu kwa Kikachi, kirefu, kikali, kidole kimemwelekea Mansour. Hakuna aliyefahamu ila mtu mmoja. Watu waliokuwa kati yake na jukwaa walisogea. Bi Nadra aliweka mkono kifuani. Nikasema, basi, imekwisha, mbele ya mji mzima.

Bi Narjis aligeuka kitini.

"Kwa Kiswahili, Bhai," alisema. "Watu wasikie."

Hasnain aliwaangalia watu, mmoja mmoja, wenye ndevu na wasio nazo. Shingo ilikuwa imemwiva.

"Nasema kakosea!"

"Kakosea nani?" aliuliza Mansour kwenye kipaza sauti.

"Wewe na yeye aliyekuandikia! Baba hakusema mama yake Narjis. Atasemaje hivyo? Mimi ndiye mkubwa! Mama yetu hakuwahi kuitwa kwa jina la mtoto wa pili, muulizeni jirani yeyote wa Mkunazini!" Akavuta pumzi. Na sauti iliyomtoka baada ya hapo niliijua, niliwahi kuisikia Jumamosi ile kinywani mwa dada yake: nzito, ya polepole, inayoburura. "*Mimi kwenda vapi? Mama Hasnain…*"

Alisita. Alisita kupita alivyosita Mansour, kupita alivyosita Narjis dukani. Ukutani jua lilikuwa limebaki ukanda mwembamba.

"*…iko hapa.*"

Hakuna aliyecheka. Na hakuna aliyepiga kofi, nashukuru.

"Alisema Narjis," alisema Bi Narjis. Alikuwa amesimama. "Nilikuwa miguuni kwake, Bhai. Nimeshika shati lake."

"Na mimi nilikuwa mlangoni, mjomba kanishika mkono, ananivuta! Alisema Hasnain!"

"Ulikuwa unalia, utasikia nini?"

"Nani alikuwa analia?"

Ndipo ua mzima ulipocheka, na Hasnain akageuka kuona wanamcheka nani, na akakuta wanamcheka yeye, kaka mkubwa anayegombea jina na dada yake. Akataka kukasirika. Badala yake akakikuta kile kiti alichokikataa, akakaa.

Muadhini wa msikiti wa karibu alianza. Wawili wale walikuwa bado wanaulizana, sasa kwa Kikachi tena, kwa sauti ya chini, kidole cha mmoja kikimpiga mwengine kwenye goti. Mansour alibaki mbele na karatasi mkononi, akimtazama Bi Nadra.

"Sasa nisome ipi?" aliuliza.